Wakikuuliza Umemsimamia Nani

Mwanangu, ukiitwa kwenye usaili wa nafasi ya usimamizi, swali litakalokutoa jasho si lile la maana ya uongozi. Hilo umelikariri tangu chuoni. Ni hili: "Tueleze siku mtu uliyekuwa unamsimamia aliposhindwa kazi. Ulifanya nini?" Nimekaa kwenye majopo ya usaili kwa miaka mingi, na hapo ndipo nilipoona vijana wenye vyeti vizuri wakianza kuhutubia: kiongozi bora husikiliza, mtumishi apewe motisha. Maneno mazuri, lakini jopo limeomba tukio.

Kwa hiyo kabla hujapiga pasi shati, kaa na daftari. Andika matukio matano au sita uliyoyapitia mwenyewe: tatizo lilikuwa nini, ungeweza kufanya nini, ukachagua lipi na kwa nini, kisha ikawaje. Ukiwa nayo hayo, maswali mengi yatakukuta tayari, hata yakija na sura ngeni.

Usiniambie huna uzoefu. Kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vijana wengi walipata kazi ya muda, wengine makarani, wengine wasimamizi wa maudhui. Msimamizi alikuwa na makarani wa kuwafuatilia na taarifa za kukagua. Karani anarudi na dodoso lenye mapengo. Kaya imefungwa mlango kwa mara ya pili. Kishikwambi kimeishiwa chaji kijijini pasipo umeme, na kazi haingoji. Aliyeamua la kufanya hapo alikuwa anasimamia watu, vifaa na muda kwa pamoja. Halafu kwenye wasifu wake anaandika mstari mmoja tu: "Nilishiriki sensa." Inaniuma. Vivyo hivyo kwa mweka hazina wa kikoba aliyemdai rafiki yake mkopo uliochelewa, na kiranja mkuu aliyesimamia bweni maji yalipokatika.

Lakini kama ulikuwa karani, sema karani. Ukijipa cheo, utaulizwa walio chini yako walikuwa wangapi, nani aliidhinisha likizo zao, ripoti yako ilikwenda kwa nani. Mwongo hafiki swali la nne. Na akifika, wadhamini wake wana simu.

Tumelelewa tusijisifu, nami sitaki uache malezi hayo. Ila msailiwa anayesema "tulifanikisha" kuanzia mwanzo hadi mwisho analiacha jopo bila cha kumpa alama, kwa sababu karatasi ya alama ina jina lake peke yake. Eleza sehemu yako waziwazi, kisha wape wenzako haki yao. Hakuna kiburi hapo.

Sasa swali ninalolipenda kuliko yote: "Utamwongozaje mtumishi aliye na umri wa baba yako?" Anayejibu kwamba kazini hakuna umri ananitia hofu, huyo atavuruga ofisi ndani ya wiki. Anayesema atamwachia mzee afanye atakavyo, kwa heshima, naye hafai, maana vijana wote watabeba mzigo wa mzee huyo. Ningependa kusikia kwamba asubuhi utamwamkia shikamoo, na cheo chako hakitapungua hata chembe. Kwamba utamwomba akueleze kazi ilivyokuwa ikifanyika kabla hujaja, usikilize kweli. Kwamba malengo mtayapanga pamoja na kuyaandika, naye atapimwa kwa hayo kama wengine. Na akikosea, utamwita pembeni mzungumze wawili. Ukimsema mbele ya vijana umempoteza, na vijana hao hawatakuheshimu kwa hilo. Kama umewahi kumwongoza mzee kwa namna hiyo, hata kwenye kamati ya harusi au ya msikiti au kanisa, simulia.

Wakikuuliza kama umewahi kumwachisha mtu kazi, wanapima mambo mawili: uthabiti wako na uelewa wako wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kukosa kimoja kunatosha kufanya uachishaji huo usiwe wa haki, na mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Basi eleza jinsi ulivyotoa onyo, ulivyoliandika, ulivyompa mtu nafasi ya kujitetea na muda wa kujirekebisha. Kama hujawahi kumwachisha mtu kazi, sema hivyo bila kuona haya, kisha eleza hatua ngumu ya karibu nayo uliyowahi kuchukua.

Wakikuuliza kuhusu kutofautiana na bosi wa zamani, kuwa mfupi. Taja mlichotofautiana, ulivyofikisha hoja yako, na kwamba uamuzi ulipotoka uliutekeleza. Usimseme vibaya hata kama alistahili. Wanajopo watafikiri kesho utawasema wao.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiseme huna. Uliza nafasi hiyo ina watu wangapi chini yake, kazi gani imelala kwa kukosa msimamizi, na ndani ya miezi mitatu ya kwanza wangependa kuona nini kimebadilika. Jibu watakalokupa liandike, maana ukiipata kazi utaanza nalo.