Mzee Asahaupo, Bwana Hasahau
Somo: Isaya 46:3-4



Nabii Isaya aliwajulisha watu wa Mungu ya kuwa Yeye aliyewabeba tangu tumboni atawabeba hata wakati wa mvi. Neno hili twalihitaji katika sharika zetu za Kasulu na Kibondo. Wako kwetu wazee waliokuwa nguzo za kanisa, nao leo hupotea njia watokapo shambani, na hata jina la mtoto waliyemzaa huwatoka. Majirani nao hunong'ona: Amerogwa, au, Yeye mwenyewe ni mchawi.

Basi na tuitazame kazi ya Muumba. Uso wa ubongo si laini kama yai, bali umekunjwa matuta na mifereji, mfano wa milima na mabonde ya Buha. Mikunjo hiyo huanza mtoto angali tumboni, hata uso mpana ukaenea katika fuvu dogo. Yapata theluthi mbili za uso huo zimefichwa ndani ya mifereji. Miaka izidipo, matuta hukonda na mifereji hupanuka, kama matuta ya shamba yaliyopigwa na mvua nyingi. Wazee wengi hupungukiwa wepesi wa kukumbuka tu, wala akili haiwapotei. Lakini wengine huingiwa na ugonjwa, na upungufu huo huenda kwa haraka. Huko Hai, Kilimanjaro, walichunguzwa wazee 1198 wenye miaka 70 na zaidi. Habari zao zilichapishwa mwaka 2013, na hesabu ilikuwa kama wagonjwa 6 katika kila wazee 100. Ni ugonjwa wa mwili, ndugu, si uchawi. Amwitaye mzee mchawi aivunja Amri ya Nne na ya Nane pamoja.

Labda mwalimu atauliza: Bibi huyu amesahau Amri na Imani; je, aje Mezani kwa Bwana? Twajibu: Ubatizo wake haukuandikwa katika mikunjo ya ubongo, bali katika ahadi ya Mungu. Mtoto mchanga twambatiza naye hajui neno lo lote. Basi aliyepokelewa kabla hajajua kitu, atafukuzwaje kwa kuwa amesahau?

Kwa hiyo yatupasa haya. Tumpeleke mgonjwa kwa mganga wa hospitali, maana kuna kusahau kuletwako na maradhi yenye dawa. Tusimwache atembee peke yake. Tumtajie majina yetu kabla hajaona haya kuyauliza. Tumwimbie nyimbo alizozijua ujanani. Mara nyingi hizo hubaki, hata mengine yakiisha kuondoka.

Nasi pia tutazeeka. Heri yetu siku ile si kwamba tutamkumbuka Bwana, bali kwamba Yeye atatukumbuka sisi. Amina.