Nani Atajua?

Mimi hutengeneza ndege za kivita za plastiki, skeli ya 1/72. Mchana natengeneza simu Ukunda, jioni narudi Kinondo, nafungua dirisha harufu ya rangi itoke, halafu nakaa mezani na brashi yenye nywele tatu. Najua unachofikiria. Mtu mzima na vidude vya watoto! Sawa, nishazoea kuchekwa.

Kazi yenyewe si kubandika vipande. Kazi ni rangi. Ndege hii ilikuwa na rangi gani, mwaka gani, ikiwa kituo gani? Picha nyingi za wakati wa vita hazina rangi, na nyingine zinadanganya. Kuna filamu za zamani ambazo haziisikii kabisa rangi nyekundu: nyekundu inatoka nyeusi, buluu inatoka nyeupe nyeupe. Kwa hiyo unaweza kukazia macho picha halisi kabisa na bado ukakosea.

Mwaka juzi mwalimu mmoja mstaafu wa huku kwetu alinijia. Marehemu babake alikuwa kibarua Kipevu, Mombasa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akibingirisha mapipa ya mafuta. Alimhadithia mwanawe habari za ndege kubwa zilizokuwa zikitua majini. "Nitengenezee ile ndege ya baba," akaniambia. Akalipa nusu papo hapo.

Ndege nikaijua: Catalina. Skwadroni ya 209 ya Waingereza ilizirusha kutoka Kipevu, zikitafuta nyambizi za Wajapani. Hatari ilikuwa ya kweli. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Ceylon, ilizamishwa na nyambizi karibu na Maldivi, na watu karibu 1,300 wakafa, wakiwemo wanajeshi wengi wa Afrika Mashariki.

Lakini karatasi ya maelekezo ndani ya boksi ilikuwa ya Catalina nyingine, ya Bahari ya Atlantiki. Namba nyingine, alama nyingine. Kutafuta ya Kipevu kungenichukua wiki kadhaa, na mimi nilikuwa nataka ile nusu iliyobaki. Nikajiambia, nani atajua? Nikabandika stika za boksi. Mwalimu alipokuja, aliigeuza mkononi polepole, bawa hadi bawa sentimita 44, akaniuliza, "Ndiyo hii hii?"

Nikajibu, "Ndiyo hii hii, Mwalimu."

Alitoa kitambaa akafuta macho. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema.

Miezi baadaye, nikitafutia modeli nyingine, nilisoma habari za lile duara la Waingereza lenye doa jekundu katikati. Upande wa India na Burma waliliondoa lile jekundu. Kwa nini? Kwa sababu ndege za Wajapani zilikuwa na duara jekundu, na mtu mwenye bunduki ana sekunde mbili tu za kuamua. Akiona wekundu, anafyatua. Wamarekani nao, Mei 1942, walifuta doa jekundu katikati ya nyota yao. Yaani rangi ambayo mimi naiita urembo ilikuwa ndiyo tofauti kati ya rubani kurudi na rubani kuuawa na wenzake.

Usiku ule nilishindwa kulala, nikaanza kujitetea. Kwanza, sijamdhuru mtu. Mwalimu amefurahi, na furaha yake si ya uongo. Pili, hii ni mashine ya vita, tena ya mkoloni. Anayekesha akitafuta rangi sahihi ya silaha, je, si anaipamba tu?

Utetezi wa pili una uzito, sikatai. Nimewaona wapenzi wa modeli wanaojua kivuli cha kijivu cha kila bawa na hawajawahi kuuliza bomu liliangukia nani. Lakini dawa yake si kupaka ovyo. Ukipaka ovyo, silaha inageuka pambo kweli, kitu kisicho na mahali wala mwaka. Ukiitafuta ndege yenyewe, unakutana na watu: aliyeirusha, aliyewindwa nayo, na aliyebingirisha mapipa.

Utetezi wa kwanza ndio uliovunjika kabisa. Wino mwingi umemwagika juu ya doa jekundu. Jina la yule kibarua sijalikuta katika ukurasa wowote niliosoma. Alichobaki nacho mwanawe ni hadithi moja tu, nami nikaingiza uongo wangu humo humo. Na mtu ambaye hana mahali pa kuhakikisha ndiye anayestahili uangalifu wangu zaidi ya wote. Mwenye vitabu atanikosoa. Mwalimu aliniamini tu.

Huku kwetu, mgeni akitaka kuingia Kaya Kinondo hufungwa kaniki kiunoni kwanza. Pengine haamini chochote kuhusu msitu ule. Bado hufunga, na ya rangi ile ile, hata siku ambayo ni yeye na mzee wa kumwongoza tu. Nimekulia hapa nikiliona hilo, na bado nikauliza nani atajua.

Nikaenda kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nyingine?"

Nikamweleza yote, mpaka ile nusu ya pesa. Alinyamaza muda mrefu. Niliogopa atanifukuza, na angekuwa na haki. Mwishowe akauliza, "Basi ile ya kweli ilikuwaje?"

"Baadhi naweza kukuonyesha kwa picha. Namba ya ndege aliyoihudumia babako, hapana. Nikiiandika nitakuwa nabuni tena."

"Basi usiandike."

Nilikwangua stika zote nikaanza upya, bila malipo. Sasa ndege iko sebuleni kwake, ubavuni hakuna namba. Chini yake kuna kadi niliyoiandika kwa mkono: sehemu nilizozithibitisha, sehemu nilizobahatisha. Wageni wake, nasikia, huuliza kwa nini ubavu ule hauna kitu. Hapo Mwalimu huvuta kiti, akaanza kuwahadithia habari za babake.