Uaminifu katika Mafunzo ya Kuuguza Wagonjwa

Somo: Luka 16:10



Jioni moja baba mmoja wa usharika wangu alinijia nyumbani pamoja na mkewe. Binti yao alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, naye amezuiwa asiingie mtihanini, kwa kuwa siku alizokosa kuhudhuria zilizidi kadiri iliyoruhusiwa. Siku nyingine alikwenda kumzika shangazi yake, nayo ni kweli. Lakini siku nne alikaa arusini, wala hakuomba ruhusa. Baba akaniambia, “Mchungaji, tuandikie barua, useme ya kuwa siku zote hizo alikuwa msibani. Barua ya mchungaji haikataliwi.”

Naungama mbele yenu ya kuwa nilishika kalamu. Watu hawa walikuwa wameuza ng’ombe kwa ajili ya ada, na binti yule nilimbatiza kwa mikono yangu. Nilikwisha kuliandika jina lake, ndipo nikakumbuka lile alilofundisha Bwana wetu juu ya uaminifu katika jambo dogo, ya kuwa hapo ndipo mtu ajulikanapo atakavyokuwa katika jambo kubwa. Nikaichana barua. Yule baba akasimama kwa uchungu, akasema, “Kila Jumapili wahubiri msamaha. Mbona leo huna msamaha kwa mtoto wangu?”

Neno hilo halikuniacha nilale. Kulipokucha nikamwomba twende pamoja chuoni, nasi tukaenda. Mwalimu wao, mama mtu mzima, alitupokea kwa upole. Nilimweleza yote, hata habari ya barua. Akafungua daftari la mahudhurio, akatuonyesha zile siku nne. Akasema, “Baba Mchungaji, siku hizi tulifundisha kupima dawa za watoto wachanga. Mtoto wa kilo 3 hapewi kipimo cha mtu mzima wa kilo 60. Na mwuguzi akiweka nukta mahali pasipo pake katika hesabu, mtoto hupata dawa mara 10 ya ile impasayo. Barua yako ingaliweza kumfikisha binti huyu mtihanini, lakini isingalimfundisha hesabu hii.”

Wapendwa, tangu siku ile nalitazama daftari la mahudhurio kwa macho mengine. Nilidhani ni shauri la mwalimu na mwanafunzi tu. Kumbe yupo wa tatu, naye ni mgonjwa ambaye bado hajafika. Hawezi kuja chuoni kujitetea. Atalala kitandani usiku, atautoa mkono wake, atapokea apewacho, maana amemwamini mwuguzi. Daftari lile lasema kwa ajili yake.

Sheria hizi si ngeni, wala hazikuzuka katika siku zetu. Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wanawake huko Kaiserswerth, kando ya mto Rhine katika nchi ya Ujerumani, ili wanawake Wakristo wafundishwe kuwatunza wagonjwa na maskini. Mwaka 1851 Bibi Florence Nightingale wa Uingereza alikaa huko yapata miezi mitatu akijifunza. Naye mwaka 1860 chuo chake cha wauguzi kilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas mjini London. Kila mwezi mkuu wa wauguzi aliandika habari za kila mwanafunzi: kufika kwa wakati, utulivu, uaminifu, usafi wa mwili na mavazi, na kutunza chumba cha wagonjwa. Pamoja na hayo iliandikwa kazi ya mikono, kama vile kufunga vidonda. Angalieni basi: kufika kwa wakati na kufunga kidonda vilipimwa pamoja. Maana mkono ulio stadi haufai kitu kama mwenyewe hayupo.

Hata leo ndivyo ilivyo. Mwanafunzi wa uuguzi hupimwa darasani, tena hupimwa wodini. Darasani hujifunza jinsi mwili ulivyoumbwa na jinsi dawa itendavyo kazi. Wodini hujifunza yale ambayo kitabu peke yake hakiwezi kumpa: kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, kunawa mikono kabla ya kumgusa mwingine, kukesha zamu ya usiku bila kusinzia. Mtu aweza kuazima daftari la mwenzake akanakili somo, lakini hawezi kuazima mikono yake.

Sasa nalijibu neno la yule baba. Je, hakuna msamaha? Msamaha uko! Binti yule alipotubu alisamehewa saa ile ile, kwa ajili ya damu ya Kristo, wala Mungu hamhesabii siku zile nne. Wokovu wetu haumo katika daftari lo lote tuliloandikiwa na wanadamu. Lakini neema huondoa dhambi, haimpi mtu ujuzi asiojifunza. Tusichanganye Sheria na Injili. Mungu hana haja na matendo yetu ili atuokoe, bali jirani yetu ana haja nayo. Msamaria yule katika Luka 10 hakumhurumia tu mtu aliyelala njiani. Alimfunga majeraha, akayatia mafuta na divai. Huruma yake ilikuwa na mikono iliyojua kazi.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, msihesabu siku mnazoweza kukosa bila kuadhibiwa, bali mhesabu watu watakaotiwa mikononi mwenu. Ninyi wazazi, msiwaite watoto kwa kila karamu, na kama pana msiba, ombeni ruhusa kwa maneno ya kweli. Nanyi mnaosimamia vyuo, aliyefiwa msikieni, mpeni nafasi ya kuilipa zamu yake. Sheria isiyo na sikio huwafundisha watu kusema uongo. Na sisi wachungaji na walimu wa sharika, tunaoita majina ya watoto wa kipaimara kila juma, tusiandike “yupo” penye jina la asiyekuwapo, ili kumpendeza baba yake. Mtoto hujifunza uongo kwetu kabla hajaupeleka hospitalini.

Binti yule alirudia masomo ya muhula mzima, na wazazi wake wakalipa ada mara ya pili. Ilikuwa mzigo mzito kwao, nami siufichi. Baba yake hanisalimu bado kama zamani, nami namwombea. Lakini binti mwenyewe alinijia siku za Pasaka, akaniambia, “Baba Mchungaji, ile hesabu ya watoto sasa naijua.” Sikuwa na neno la kuongeza.

Bwana, uliyewagusa wagonjwa kwa mikono yako, uitakase mikono yao wanaojifunza kuuguza, ukatufanye sote kuwa waaminifu mahali tusipoonekana. Amin.