Mtoto Anapomlilia Asiye Mama Yake

Kuna swali ambalo akina mama wa usharika hutuuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, wakati wengine wamekusanyika kwenye mnada wa sadaka. Mama anasema: "Mchungaji, jioni nikienda kumchukua mwanangu kwa mlezi, anamng'ang'ania yule na kunilia mimi. Je, nimempoteza?" Wengine hawaulizi. Wanabadilisha mlezi tu, na wiki inayofuata mtoto yuko mikononi mwa mtu mwingine.

Hapa kwetu Ruaha, ambapo mto unatenganisha Kilosa na Kilombero, swali hili si la matajiri. Msimu wa miwa unapoanza, mama wa palizi, muuza chapati wa stendi na yule wa shamba la mpunga wote huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na baadaye muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Lakini kibarua wa kutwa ataidai likizo hiyo kwa nani? Basi mtoto wa miezi mitatu huachwa kwa bibi, kwa dada yake ambaye naye ni mtoto, kwa jirani mwenye ua mpana, au katika kituo cha kulelea watoto. Kama mtoto alelewe na mwingine au la, njaa imekwisha kutujibu. Kilichobaki ni kuuliza mikono hiyo mingine inadaiwa nini naye.

Jambo hili liliwahi kuchunguzwa kwa makini hapa hapa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekulia Kanada, alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alirudi nyumba zile zile kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kadhaa, akaketi na kutazama watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mlezi wake ndiye anayethubutu kutambaa mbali, kisha hugeuka kutazama kama yule mtu bado yupo. Mtoto asiye na uhakika hulia hata akiwa amebebwa. Na mama waliokuwa na watoto wenye uhakika walikuwa na sifa moja inayotugusa sana: waliweza kueleza habari za mtoto wao kwa undani, kitu kimoja kimoja. Walimjua. Tena watoto wengi walishikamana pia na baba, bibi au ndugu, na mama hakupungukiwa kwa sababu hiyo.

Kujua huko hakupatikani kwa mlezi mwenye watoto wengi mno, wala kwa anayebadilishwa kila mwezi. Kunahitaji mtu yule yule, siku baada ya siku, anayetambua kwamba kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi, na kwamba huyu hulala akiwa mgongoni kwenye mbeleko na yule hataki kabisa kufunikwa uso. Wapo watakaosema huko ni kumdekeza, kwamba mtoto akizoea kubebwa atasumbua. Hatukubaliani nao. Mtoto wa miezi mitano anayelia hamchezei mtu akili. Hana lugha nyingine. Akiitikiwa, anajifunza kwamba kuita kunafaa kitu. Mtunga Zaburi ya 22 anakumbuka kwamba alianza kumtumaini Mungu akiwa bado matitini mwa mama yake. Hatusemi kwamba aliyekosa mlezi mwema hawezi kuamini. Roho Mtakatifu haombi ruhusa kwa wanasaikolojia. Ila tunapochezea tumaini la kwanza la mtoto, tunachezea kitu ambacho Maandiko yanakitaja kwa heshima.

Kwa hiyo tusiwe wepesi kumsifu mtoto kwa sababu hasumbui. Sisi wahubiri tunawapenda watoto wakimya kwa sababu zetu wenyewe. Lakini mtoto aliyeacha kulia kwa kuwa hakuna anayekuja, naye yuko kimya.

Lipo pia jambo la kumtoroka mtoto. Mama anamwonyesha kuku uani, na mtoto anapogeuka, mama hayupo tena. Tunalifanya kwa huruma, tukitaka kukwepa kilio. Hata hivyo ni uongo, na amri ya nane haikuweka umri wa jirani tunayekatazwa kumdanganya. Mtoto aliyetorokwa hawezi tena kucheza na kuku kwa amani, maana kuku amekuwa dalili ya kuachwa. Afadhali aambiwe kwaheri, alie, naye mlezi amkumbatie mpaka atulie. Siku za kwanza, ikiwezekana, mama akae mkekani na mlezi kwa muda, ili mtoto aone watu hawa wawili wanaaminiana.

Tukirudi kwa mama aliyeuliza kama amempoteza mwanawe, jibu letu ni hapana. Amshukuru Mungu, kwa maana mwanawe amepata mtu wa kumlilia akiwa mbali naye. Obedi alilelewa na Naomi, na Ruthu hakuacha kuwa mama yake. Debora, mlezi wa Rebeka, alipokufa, alizikwa chini ya mwaloni, na mti ule ukapewa jina la kilio. Wake wengi wa wakuu hawakuandikiwa kaburi katika Biblia. Mlezi huyu ameandikiwa.

Na wanaodai kwamba upendo wa kulipwa si upendo, wasome Kutoka 2. Binti Farao alimwahidi ujira mwanamke wa Kiebrania ili amnyonyeshee Musa, na mwanamke huyo alikuwa mama yake mwenyewe. Ujira haukuharibu kitu. Luther naye, akiandika juu ya ndoa mwaka 1522, alisema kwamba baba anayefua nepi kwa imani anamfurahisha Mungu na malaika, hata watu wakimcheka.

Lakini katika bajeti za vituo vyetu, posho ya mlezi huja mwisho, baada ya rangi ya jengo, uzio na bembea. Anayelipwa kidogo huondoka palizi ya miwa inapoanza, kwa kuwa shambani atapata zaidi, na watoto wake wote huanza upya kuzoea harufu na sauti ya mtu mwingine. Tunaomba jambo hili lifike kwenye baraza la wazee kabla ya msimu ujao, na lisiwekwe kwenye mengineyo.