Doa Jeupe

Je, mchoraji anayetuonyesha jua ni mwongo? Kwani rangi haiwaki. Ifungie picha katika chumba chenye giza, na jua lake litazimika pamoja na kila kitu kingine humo ndani.

John Constable, Mwingereza aliyezaliwa Suffolk mwaka 1776, alisimangwa sana kwa jambo hili. Ili kuonyesha umande na majani mabichi yanavyometa, alidondoa rangi nyeupe, nzito, kwa brashi na kwa kisu cha rangi. Wahakiki wakamcheka: ati hiyo ni theluji! Walizoea picha laini kama kioo, ambazo huoni mkono wa mtu umepita wapi.

Mimi nasema, ndugu msomaji, picha laini ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza, maana inaficha kazi yake. Hebu isogelee ya Constable. Utaona nini? Rangi tu, bwana! Imerundikana, ina matuta, na kila tuta linanasa mwanga wa chumba ulimosimama na kutupa kivuli chembamba pembeni. Rudi nyuma hatua chache: umande. Hukufichwa kitu. Uongo hukimbia kukaguliwa. Picha hii inakuita uikague, na ukishaikagua bado inameta.

Lakini tusidanganyane. Kurundika rangi peke yake si ukweli. Yeyote anaweza kupaka kwa fujo akajiita jasiri. Constable alitumia miaka ya 1821 na 1822 akichora mawingu ya Hampstead, na nyuma ya nyingi ya picha hizo akaandika tarehe, saa, na upepo ulikotoka. Picha yake The Hay Wain ilipopata medali ya dhahabu Paris mwaka 1824, watu walishangilia ule ubichi wa hewa na maji. Ubichi huo alikuwa ameulipia kwa kutazama.

Sisi tunaoandika tuna madoa yetu pia: neno la kijiweni katikati ya Kiswahili sanifu, sentensi iliyokatwa ghafla. Mhariri atasema, lainisha hapa. Pengine ana haki. Kabla hujalifuta doa lako, au kulipigania, jiulize jambo moja tu: limetoka kwenye kitu ulichokitazama, au umelitia ili uonekane una mkono?