Je, Mjukuu Aweza Kuungama Dhambi ya Babu?

Huko Songea liko kaburi moja kubwa, na kila mwaka, tarehe 27 Februari, watu hukusanyika hapo kuwakumbuka waliomo. Siku hiyo ya mwaka 1906 serikali ya Wadachi iliwanyonga wakuu wa Wangoni waliopigana katika Vita vya Maji Maji, nao wakafukiwa pamoja katika shimo moja. Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa naye, ana kaburi lake peke yake. Baadhi ya watu hao walibatizwa na padre kabla ya kupelekwa penye kitanzi. Basi katika mifupa ile imo mifupa ya ndugu zetu katika Kristo, waliopokea maji ya uzima na kamba ya mauti karibu kwa wakati mmoja.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali pale. Alionana na wazao wa Nduna Songea, akaomba msamaha kwa ajili ya mambo ambayo Wajerumani waliwatenda babu zao. Mtu aweza kuuliza: Huyu aliungama nini? Alizaliwa mwaka 1956, miaka 50 baada ya kitanzi kile. Na nabii Ezekieli, katika sura ya 18, afundisha wazi kwamba kila mtu huhukumiwa kwa matendo yake mwenyewe, wala si kwa ya baba yake.

Neno hilo ni kweli. Lakini tusome na Danieli, sura ya 9. Mtu yule mwadilifu alipoungama makosa ya mababa hakusema “wao”, alisema “sisi”. Nionavyo mimi, manabii hawa wawili hawapingani. Mtu akirithi zizi la baba yake, akaona ndani yake ng’ombe wa jirani walioibwa, hawezi kuitwa mwizi. Lakini akiisha kujua, naye akaendelea kuwakamua, je, tumwiteje? Hatia haikurithiwa, bali ng’ombe wamerithiwa, na mwenyewe yuko ng’ambo ya ua akiwangojea.

Liko swali lililo zito zaidi: Ni nani awezaye kusamehe? Wazao waweza kusamehe yaliyowapata wao, yaani ukiwa, na aibu, na umaskini ulioachwa na vita. Maana majeshi ya Wadachi yalichoma vyakula mashambani na maghalani, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Lakini yaliyompata aliyenyongwa ni yake mwenyewe, naye yu mikononi mwa Mungu. Kwa hiyo wakosa sana wahubiri wanaowahimiza wenye msiba kusamehe upesi, ili mambo yaishe na wageni waende zao kwa amani. Zakayo hakuambiwa na mtu kwamba yamekwisha. Yeye mwenyewe alisimama akataja atakachorudisha, mara nne.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu tu. Wengi wa walioshika bunduki na mienge ya kuchomea maghala walikuwa askari Waafrika waliopokea mshahara wa Wadachi, na wako wenyeji wa nchi hii waliojiunga nao. Yamkini wajukuu wa hao na wajukuu wa walionyongwa hupiga magoti leo pamoja mbele ya meza ya Bwana, pasipo mmoja kumwuliza mwenziwe neno. Sisemi kwamba waulizane kanisani. Lakini mtu amwonyeshaye Mjerumani kidole, na akiulizwa babu yake alikuwa wapi mwaka 1905 hunyamaza, bado hajaanza kuisoma sala ya Danieli.

Wazao wa Nduna Songea husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Walimwambia Rais habari hiyo. Yeye akaahidi kwamba kitatafutwa, wala hakuthubutu kuahidi kwamba kitapatikana.