Ardhi ya Wote na Haki ya Mnyonge

Wako ndugu waulizao: Je, ni haki serikali kutenga ardhi kubwa kwa ajili ya wanyama wa mwitu na matembezi ya watazamaji? Swali hili si geni kwetu Waislamu.

Zama za Ujahilia, mkubwa wa Kiarabu alikuwa akijitengea malisho na kuwazuia wengine. Mtume (S.A.W.) aliiondoa ada hiyo; hima ikabaki kwa maslaha ya umma, si ya mtu. Na Sayyidna Umar alipoitenga Rabadha, alimwamuru mlinzi wake, Hunayy, amruhusu mwenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdulrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hawa ni masahaba watukufu. Lakini tajiri akifiwa na wanyama ana mashamba na mitende, na maskini hana ila kuja na wanawe kumlilia khalifa.

Basi kutenga si kosa. Ardhi isiyo na mlinzi huliwa na wenye nguvu, na kiumbe akishatoweka duniani hatuna uwezo wa kumrudisha. Lakini natupime kwa mizani ya Umar.

Tsavo ilitengwa mwaka 1948, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Waata, waliowinda huko kwa upinde tangu kale, wakageuzwa wahalifu kwa kazi ya baba zao. Na huku tajiri mwenye leseni akiruhusiwa kuua ndovu nje ya mipaka, mpaka uwindaji wa ndovu ulipopigwa marufuku mwaka 1973. Hapo amri ya Umar ilipinduliwa: mnyonge alizuiwa, tajiri akafunguliwa.

Na leo? Mgeni hulipa kiingilio, akamtazama ndovu, akenda zake. Usiku ndovu yule yule huvuka akala mahindi ya mkulima wa Taita. Sheria ya mwaka 2013 imeweka fidia, hata shilingi milioni 5 kwa jamaa wa aliyeuawa; lakini wengi wamengoja miaka.

Furaha ya mmoja haijengwi juu ya njaa ya mwengine. Anayeipenda mbuga na aanze kwa kudai haki ya jirani yake. Kwani jirani aliyedhulumiwa hatakuwa mlinzi wa hima, na hima isiyolindwa na majirani haidumu.

Wallahu aalam.